Mgeni na Mwenyeji: Wapenzi wa Jinsia Moja katika Tamthilia za Kisayansi za Televisheni

Tarehe 8 Septemba 1966 watazamaji wa televisheni nchini Marekani walioneshwa kwa mara ya kwanza tamthilia ya Star Trek. Katika onyesho hilo, "The Man Trap", zimwi la sayari ya mbali, lenye uwezo wa kujigeuza umbo, linamjia Luteni Uhura katika sura ya mwanamume mweusi na kumsemesha kwa Kiswahili. Jina la Uhura lenyewe, kama ajuavyo kila msomaji wa jarida hili, limetokana na neno uhuru. Hivyo basi lugha yetu ilipewa nafasi katika karne za usoni tangu usiku wa kwanza kabisa, ijapokuwa aliyeitumia kwanza alikuwa zimwi. Ama watu wanaowapenda watu wa jinsia yao, hao hawakupewa nafasi hiyo. Katika chombo kile walikuwamo Mwafrika, Mjapani, baadaye Mrusi, na hata nusu-mtu wa sayari nyingine. Lakini wao hawakuwamo. George Takei, aliyeigiza kama Sulu, alikaa hadi mwaka 2005 ndipo akatangaza hadharani kwamba yeye ni mmoja wao.

Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi wahusika wa namna hiyo walivyochorwa katika tamthilia za kisayansi za televisheni, na zaidi ya hayo, yanayowapata pindi wanapovuka mpaka na kuingia katika Kiswahili. Jambo hili la pili ndilo linalotuhusu hasa sisi tunaofundisha lugha. Mwandishi anaishi Katelembo, kando ya mji wa Machakos, ambako vijana huzitazama tamthilia hizi katika simu zao za mkononi, na wazazi wao hupata habari zake kanisani na redioni. Hakuna awezaye tena kudai kwamba haya ni mambo ya ng'ambo yasiyotufikia. Yamefika, tena yamefika kabla hatujaamua tutayaita kwa jina gani. Katika makala haya nitatumia maneno wapenzi wa jinsia moja, ingawa ni marefu na yananuka ofisi. Sababu ya uteuzi huo itaonekana mbele.

Mfano ulio tajiri kuliko yote kwa mwanaisimu ni onyesho liitwalo "The Outcast", lililotolewa mwaka 1992 katika Star Trek: The Next Generation. Humo tunakutana na watu wa J'naii, jamii isiyokuwa na mume wala mke. Katika jamii hiyo kosa kubwa ni mtu kujihisi kuwa wa jinsia fulani. Anayegunduliwa hukamatwa, huhukumiwa na hutibiwa mpaka "apone". Soren, rubani wa J'naii, anajihisi kuwa mwanamke na anampenda Riker, ofisa wa chombo cha wanadamu. Anafikishwa mbele ya baraza, anajitetea kwa hotuba ndefu, kisha anatibiwa. Riker anapokuja kumwokoa anamkuta ametulia, hana tena hamu naye, na anashukuru kwa kuponywa. Mtunzi, Jeri Taylor, amefanya kitendo cha zamani cha wanafasihi: ameipindua dunia ili tuione yetu.

Fumbo hilo ni zuri, lakini limeogopa fumbuo lake. Watu wote wa J'naii waliigizwa na wanawake. Kwa hiyo macho ya mtazamaji yaliona mwanamume akimbusu mwanamke, na hapakuwa na wa kushtuka. Jonathan Frakes, aliyeigiza kama Riker, alisema baadaye kwamba Soren angefaa kuigizwa na mwanamume, na hapana shaka alikuwa na haki. Maudhui yalidai ujasiri, fani ikakataa.

Hata hivyo, kuna mazungumzo mafupi ndani ya onyesho hilo ambayo sijaona mhakiki wa Kimagharibi akiyapa uzito unaostahili. Riker anamlalamikia Soren kwamba amekaa akijaribu kuunda sentensi zisizo na kiwakilishi cha mtu, na kazi hiyo imemshinda, kwani lugha yake humlazimisha achague ama cha kiume ama cha kike, na kile cha vitu ni matusi kwa binadamu. Soren anamjibu kwamba wao wanacho kiwakilishi kisichotaja jinsia, ila hadhani kama kina tafsiri.

Mswahili akifika hapo hana budi kucheka. Tafsiri ipo, naye huitumia tangu alipoanza kusema. Amefika, nimemwona, chombo chake kimeharibika, yeye mwenyewe yu mzima. Katika sentensi zote hizo hatukutaja mume wala mke, na hakuna aliyeona taabu. Kikamba ni vivyo hivyo, na lugha nyingine za Kibantu pia. Mtu angeweza kusema kwa mzaha kwamba lugha ya J'naii ni ya ukoo wetu, na kwamba Luteni Uhura, kama angalikuwa bado zamuni, angaliitafsiri bila kuombwa.

Tukiacha mzaha, jambo hili lina matokeo mazito katika kutafsiri. Sehemu kubwa ya tamthilia za Kiingereza zinazowahusu wapenzi wa jinsia moja hujengwa juu ya kiwakilishi. Mhusika anazungumza juu ya mpenzi wake, kiwakilishi kinamponyoka, na siri imetoka. Au analazimika kukibadilisha kila sentensi, na kila sentensi inakuwa uongo. Katika Kiswahili mtu aweza kusema "mpenzi wangu ananingoja nyumbani, hajala, na akikasirika hanuniki siku mbili" kwa miaka thelathini, asimdanganye mtu hata mara moja. Lugha inamsitiri bila yeye kuitaka. Je, sitara hii ni rehema au ni kifungo? Mfasiri wa tamthilia lazima alijibu swali hilo kabla hajaandika neno la kwanza, kwa sababu mhusika wa Kiingereza anayeteseka kwa kusema uongo hugeuka, katika tafsiri, kuwa mtu asiyekuwa na sababu ya kuteseka. Itambidi mfasiri ayahamishe mateso hayo mahali pengine.

Na mahali penyewe papo. Isidhaniwe kwamba Kiswahili hakijui kutenga mume na mke. Kiwakilishi kimetuponya, kitenzi kikatukamata: mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Katika Star Trek: Discovery, iliyoanza mwaka 2017, mwanasayansi Paul Stamets na daktari Hugh Culber wanaishi pamoja kama mtu na mwenziwe, na tunawaona wakipiga mswaki pamoja huku wakizungumza habari za kazi, kama nyumba yoyote. Sasa, nani kamwoa nani? Mwanafunzi wangu mmoja aliandika "Culber ameolewa na Stamets", darasa zima likaangua kicheko, naye hakuwa na nia ya kuchekesha. Kinachotuokoa ni kiambishi cha kutendana. Wameoana. Kiambishi -an- hakiulizi nani kaanza. Ni sarufi ya kale kabisa, na imekuwa tayari kwa jambo jipya.

Wengine watasema kwamba kumfanya mwanamke kuwa mtendaji wa kitenzi oa ni kuharibu lugha. Hapa Ukambani hoja hiyo haisimami. Mila ya Wakamba inamjua iweto, yaani mwanamke aliyeolewa na mwanamke mwenzake, kwa kawaida mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume, ili amzalie watoto wa kuliendeleza jina la nyumba. Wako wanaoitaja mila hiyo kama ushahidi wa mapenzi ya jinsia moja katika Afrika ya kale. Nadhani wanakosea, maana mila yenyewe ilihusu urithi na nasaba, si tamaa ya mwili. Lakini kisarufi ushahidi wake ni thabiti. Mtu wa Machakos akisimulia habari hizo kwa Kiswahili husema "mama yule alioa", na hakuna mwalimu aliyewahi kumsahihisha.

Juu ya vifo nitapita haraka, kwa kuwa vimeandikwa sana. Kwa muda mrefu mhusika wa aina hii alipewa upendo katika onyesho moja na risasi katika onyesho la pili. Ianto Jones katika Torchwood aliuawa mwaka 2009. Lexa katika The 100 aliuawa mwaka 2016, muda mfupi tu baada ya kulala na Clarke, kwa risasi isiyomlenga yeye, na hasira ya watazamaji ilikuwa kubwa. Hata Culber niliyemtaja hapo juu alivunjwa shingo mapema mwaka 2018, kisha watunzi wakamfufua mwaka uliofuata. "San Junipero", onyesho la Black Mirror la mwaka 2016, hukumbukwa kwa upendo mwingi kwa sababu linawaacha wanawake wake wawili pamoja. Ingawa hata hapo wanapata amani baada ya kufa, ndani ya mashine.

Tuje nyumbani. Tamthilia ya kisayansi iliyotugusa kuliko zote ni Sense8, iliyotolewa na Netflix kuanzia Juni 2015 hadi Juni 2018, na kutungwa na Lana na Lilly Wachowski pamoja na J. Michael Straczynski. Watu wanane wa miji mbalimbali ya dunia wanajikuta wameunganishwa akili. Anachokiona mmoja wengine wanaweza kukiona, na ujuzi wa mmoja ni ujuzi wa wote. Mmojawao ni Capheus, dereva wa matatu wa Nairobi, ambaye gari lake linaitwa Van Damn na mama yake ana UKIMWI. Mwingine ni Lito, mwigizaji mashuhuri wa filamu wa Mexico, anayeficha kwamba anaishi na mwanamume, Hernando. Wa tatu ni Nomi wa San Francisco, mwanamke aliyezaliwa na mwili wa kiume, anayempenda mwanamke mwenzake, Amanita.

Kwa upande wa dhamira, tamthilia hii imekwenda mbali kuliko zilizoitangulia. Haimtumii kiumbe wa sayari nyingine kumsemea mtu aliyefichwa. Mtu mwenyewe anasema. Na kwa kuwa hisia za wanane zimeungana, dereva wa Nairobi anahisi hofu ya mwigizaji wa Mexico kama yake mwenyewe. Hawezi kusema "hayo ni yao". Katika onyesho la "Who Am I?" Capheus anahojiwa na mwandishi wa habari huku Lito akihojiwa upande wa pili wa dunia, na majibu yao yanafumana mpaka huwezi kuyatenga. Wote wawili wanaulizwa swali moja: wewe ni wa kundi gani? Wote wawili wanakataa kujibu kama muulizaji atakavyo. Hapo siasa ya rangi na siasa ya mapenzi zimewekwa katika kinywa kimoja, na sijaona mahali pengine ambapo jambo hili limefanywa kwa ufundi kama huo.

Pamoja na sifa hizo, mgawanyo wa matatizo katika tamthilia hii unafuata ramani ya kikoloni. San Francisco na Mexico wamepewa swali la nafsi. Nairobi imepewa ugonjwa, majambazi na upungufu wa dawa. Katika mfululizo wa kwanza hakuna Mkenya hata mmoja ambaye mapenzi yake ni jambo la kufikiriwa. Capheus ni mwema, mcheshi, mwana mwenye kumpenda mama yake, na basi. Mfululizo wa pili, wa mwaka 2017, unajaribu kurekebisha: Zakia, yule mwandishi wa habari aliyemhoji, anayeigizwa na Mumbi Maina, anamweleza Capheus kwamba amewahi kumpenda mwanamke. Capheus analipokea bila ugomvi. Jambo linapita upesi mno, hata mtazamaji aliyeinuka kuchota maji aweza kulikosa. Hata hivyo limesemwa, na limesemwa Nairobi na mwanamke wa Nairobi. Limesemwa kwa Kiingereza, lakini. Mama na mwanawe ndani ya nyumba yao wanasema Kiingereza, kama wanavyofanya watu wa Seoul na Mumbai katika tamthilia hiyo hiyo. Tunaambiwa tukubali kwamba kila mmoja anasema lugha yake na sisi tunasikia Kiingereza. Ni mwafaka wa kisanaa, nao una haki yake. Ila umetunyima kusikia Zakia angetumia neno gani.

Angetumia lipi? Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Neno shoga, kwa wanawake wa pwani, maana yake ni rafiki wa kike wa mwanamke mwenzake, msiri wake, mtu wa kuitana barazani. Hilo hilo limekuja kumtaja mwanamume anayelala na wanaume, na leo huku bara maana hii ya pili imeimeza ile ya kwanza. Msenge ni tusi tupu. Hanithi limetoka katika Kiarabu. Basha humtaja yule anayehesabiwa kuwa mume, na msagaji ni mwanamke anayelala na wanawake. Mtu akiyatazama maneno haya kwa makini ataona mambo mawili. Kwanza, yalikuwapo pwani kabla televisheni haijafika Afrika ya Mashariki, na lugha haitungi msamiati mpana hivyo kwa jambo lisilokuwapo. Atakayepinga kwa kusema kwamba baadhi yake ni ya mkopo, akumbuke kwamba rafiki, habari na salamu ni ya mkopo vilevile. Pili, maneno haya hutaja nafasi ya mtu kitandani, au humtukana. Hakuna hata moja linalotaja watu wawili walio sawa wanaopendana. Stamets si basha wala Culber si shoga kwa maana hiyo. Ndiyo sababu nimeukubali msemo wa wapenzi wa jinsia moja pamoja na urefu wake: una neno penda ndani yake, na mengine hayana.

Wanuri Kahiu aliliona tatizo hili, akalitatua kwa njia ya msanii. Yeye ndiye aliyetengeneza Pumzi mwaka 2009, filamu fupi ya kisayansi juu ya dunia iliyokaushwa na vita vya maji. Mwaka 2018 alitengeneza filamu juu ya wasichana wawili wa Nairobi wanaopendana, kutokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, akaiita Rafiki. Watu wa namna hiyo hutambulishana kwa neno hilo mbele ya wageni. Hivyo neno rafiki limeanza safari ileile iliyosafiriwa na shoga. Filamu ilipigwa marufuku na Bodi ya Kuainisha Filamu nchini Kenya mwezi Aprili mwaka huo. Septemba, Mahakama Kuu iliruhusu ioneshwe kwa siku saba, na kumbi za Nairobi zikajaa.

Bodi hiyohiyo ilikuwa imezuia Stories of Our Lives mwaka 2014. Lakini kwa mada yetu, uamuzi wa Juni 2017 una mafunzo zaidi. Bodi ilitaka vikatuni sita viondolewe hewani kwa madai ya kuwaelekeza watoto katika mapenzi ya jinsia moja, vikiwamo The Legend of Korra na Steven Universe. Katika hicho cha pili, Ruby na Sapphire ni viumbe vya sayari nyingine vinavyopendana kiasi cha kuungana na kuwa mwili mmoja. Sababu iliyorudiwarudiwa na watu wengi waliouunga mkono uamuzi huo ni kwamba mambo haya ni ya kigeni. Na hapa Kiswahili kinatucheza. Kwa Kiingereza, kiumbe wa sayari nyingine, mtu wa nchi nyingine na mtu aliyekuja kula chakula nyumbani kwako wana majina mbalimbali. Kwetu sisi wote ni wageni. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hatuna methali inayosema mgeni afungiwe nje kwa sababu ni mgeni. Anayesema "hili ni la kigeni" akidhani amemaliza hoja, ametumia mzizi ambao katika lugha yetu ndio unaofungua mlango.

Nirudi kwa wanaozileta hadithi hizi kwa wananchi. Katika mabanda ya video ya Kenya wasimulizi husema juu ya filamu kwa Kiswahili na Sheng, na DJ Afro ndiye aliye mashuhuri kuliko wote. Uganda nako wapo kwa Kiganda. Hii ni fasihi simulizi hai, na idara zetu zimeichelewesha mno katika utafiti. Msimulizi hana mkataba na matini. Nimemsikia mmoja, ambaye sitamtaja, akiwageuza wanaume wawili waliokuwa wakiagana kwa machozi kuwa ndugu wa tumbo moja, na alipofika kwenye busu akapandisha muziki. Tusimcheke. Wafasiri wa Kimarekani waliotoa Sailor Moon S kwa Kiingereza mwaka 2000 waliwafanya Haruka na Michiru kuwa binamu, na watoto wakabaki wakishangaa binamu gani hawa. Tofauti ni kwamba kazi ya Wamarekani ilihifadhiwa, ikahakikiwa, ikatafsiriwa upya. Ya msimulizi wetu imepotea na upepo wa jioni ile, nasi hatuna hata nakala moja ya kumfundishia mwanafunzi.

Mwaka 2023 nafasi ya mhusika mkuu katika Doctor Who, tamthilia ya BBC iliyoanza mwaka 1963, ilishikwa na Ncuti Gatwa, aliyezaliwa Kigali na kuondolewa Rwanda akiwa mtoto mdogo wakati wa mauaji ya 1994, akalelewa Uskoti. Aliishika hadi 2025. Daktari huyo si mwanadamu. Ni mgeni wa sayari nyingine, wa mwisho wa watu wake, asiyekuwa na kwao pa kurudi. Katika onyesho la "Rogue" la Juni 2024 anakutana na mwanamume katika dansi ya Kiingereza ya mwaka 1813, wanacheza mbele ya watu wote, wanabusiana, na yule mwenziwe anajitoa mhanga na kupotea mahali asipoweza kufuatwa. Nilipowapa wanafunzi wangu kazi ya kulifupisha onyesho hilo kwa Kiswahili, nilitaka kuona watalitumia neno gani. Wengi waliandika rafiki. Wawili waliandika shoga. Mmoja, binti wa hukuhuku Katelembo, aliandika mwenziwe, toka mwanzo hadi mwisho, na nilipomuuliza kwa nini, alisema kwamba ndilo neno analolitumia bibi yake kwa marehemu babu.